Pole Iliyotangulia

Fundi saa alikubali kuhama kwa sababu ya sufuria. Ilikuwa ya tatu kuiunguza ndani ya mwezi mmoja, na safari hii moshi uliwatoa majirani nje. Walivunja kitasa wakamkuta amekaa kwenye meza yake ya kazi, lenzi jichoni, akichokonoa saa ya mkono ambayo mwenyewe alishakufa zamani.

Binti yake, aliyekuwa mkunga wa hospitali katika mji wa jirani, alifika siku ya pili. Hakugomba. Alifuta masizi ukutani, akayafunga makopo yaliyojaa skrubu na vigurudumu, kisha akamwambia baba yake kwamba kaka mkubwa, anayeishi ng'ambo ya jangwa, ameshamjengea chumba na kimepakwa rangi. Mzee akauliza rangi gani. Alipoambiwa kijani, alisema hata chumba cha maiti hupakwa kijani, akaenda kufunga begi.

Ndege haikuwezekana, daktari alishamkataza kwa sababu ya masikio. Likabaki lori la abiria, safari ya siku nne. Lilikuwa na mabenchi mawili yaliyotazamana, turubai juu, mapipa ya maji nyuma. Dereva aliitwa Kobe, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumfanya aharakishe. Mkewe ndiye aliyekuwa mpishi, na sheria yake ilikuwa moja: anayelalamikia chakula ndiye anayeosha vyombo. Kulikuwa na bwana na bibi harusi walioshikana mikono hata kwenye joto lile, muuza vitambaa ambaye hakuna jambo asilolijua, na mafundi watano wa ujenzi waliokuwa wakirudi kazini, ambao walicheza karata tangu jua lichomoze. Ukiwaweka mzee na binti yake, jumla watu kumi na wawili.

Siku ya kwanza ilikwenda kwa vicheko. Siku ya pili barabara iliisha, yakabaki mapipa matupu yaliyopandwa mchangani kila baada ya mwendo mrefu ili dereva asipotee. Vicheko navyo vikapungua. Mkunga aliona kama maneno yakitoka mdomoni hayaendi mbali, yanadondoka hapo hapo magotini. Hata mafundi walianza kucheza karata kimya kimya, kama watu walio karibu na mgonjwa. Mzee peke yake ndiye aliyechangamka. Alisema miaka hamsini na mitano ameishi na tiktak ukutani, sasa ndiyo anasikia masikio yake yamepumzika.

Siku ya tatu, yapata saa nne asubuhi, wakafika kisimani. Palikuwa na nyumba ya vyumba viwili, mashine ya kuvuta maji, tangi la bati, na mtu mmoja, mtunza kisima. Kobe alimfahamu kwa miaka mingi. Alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu chache kama zilizokopwa, na kila lori likifika alilipokea kwa ndoo ya maji ya kunawa.

Safari hii pia alitoka na ndoo, lakini alikuwa amekunja uso. Alimuuliza Kobe wamesahau nini.

Kobe akacheka, akamwambia hawajasahau kitu, ndiyo kwanza wanafika.

Mtunza kisima akamtazama kama mtu anayeona mwenzake anafanya mzaha mahali pasipo pa mzaha. Alianza kuwanawisha watu mmoja mmoja. Alipofika kwa bibi harusi aliinama akamtazama miguu, akauliza kidonda kimekauka upesi namna hiyo. Bibi harusi akasema yeye hana kidonda. Kisha akafika kwa mkunga. Aliweka ndoo chini, akamshika mikono yote miwili.

"Pole tena, dada," alisema. "Usiku kucha nimekufikiria. Lakini mzee amelala pazuri, upepo haufiki pale."

Mkunga alidhani amefananishwa. Akageuka kumwonyesha baba yake, aliyekuwa ndiyo kwanza anateremka kwenye ngazi ya lori, kikombe mkononi, akiuliza kama chai itachelewa.

Mtunza kisima alimwona. Hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua moja, nyingine, mpaka mgongo ukagusa mlango, akaingia ndani, na wote wakasikia komeo likisukumwa.

Muuza vitambaa alisema jua limempika kichwa, na upweke ukamalizia. Wengine wakaitikia haraka kuliko ilivyostahili. Kobe alikwenda dirishani, akakaa hapo muda mrefu akizungumza kwa sauti ya chini, na aliporudi alikuwa amevua kofia. Aliwaeleza alichoambiwa. Kwamba jana saa kumi jioni lori hili hili lilifika hapa, likiwa na watu kumi na mmoja walio hai. Mzee alikuwa amekufa njiani tangu adhuhuri. Alikuwa amemwegemea binti yake begani, naye binti akadhani amesinzia, akakaa bila kujitikisa asije akamwamsha, mpaka walipofika hapa. Wakamzika nyuma ya nyumba. Wakalala, wakaondoka alfajiri.

Walikwenda nyuma ya nyumba wote kwa pamoja, hakuna aliyetaka kubaki. Hapakuwa na kaburi. Mchanga ulikuwa tambarare, na upepo ulikuwa umeuchora mistari mizuri ambayo hakuna mguu ulioivuruga. Mmoja wa mafundi akashusha pumzi. Lakini koleo lilikuwa limeegemezwa ukutani, na bapa lake lilikuwa na mchanga mbichi, wa chini, ule wa rangi ya kahawa. Na mtunza kisima alipofungua mlango hatimaye, mkunga, ambaye kazi yake ni kutazama watu, aliitazama mikono ya yule bwana. Viganja vilikuwa na malengelenge mapya, mawili yamepasuka.

Haikupita hata saa moja. Bibi harusi alikuwa akikinga maji kwenye tangi akakanyaga kipande cha bati kilichofukiwa mchangani. Kilimchana unyayo. Mkunga alimsafisha na kumfunga bandeji, huku bwana harusi akirudia mara tatu kwamba ni bati tu, bati lipo kila mahali.

Baada ya hapo watu waligawanyika. Wengine walitaka kurudi walikotoka, wengine waendelee haraka. Mzee hakuwepo kwenye mabishano. Alikuwa ameingia chumbani kwa mtunza kisima, akaiona saa ya ukutani iliyosimama, akaishusha. Mkunga alimkuta ameitandaza juu ya kitanda, mtunza kisima amemshikia tochi, wote wawili wameinama kama watu wanaochambua mchele.

Mzee alimwomba mwenyeji awapishe kidogo. Kisha akamwambia binti yake kwamba yeye atabaki hapa.

"Baba, hayo ni maneno ya mtu aliyekaa peke yake mno," mkunga alisema.

"Ndiyo. Na mimi nimekaa peke yangu tangu mama yenu aondoke. Lugha yao naijua."

Mkunga alimwambia asimfanye mjinga. Alisema anajua baba yake hakitaki kile chumba cha kijani, na sasa amepata kisingizio. Mzee akakubali bila kona. Akasema ni kweli, hakitaki. Aliokota skrubu ndogo kwa ncha ya kidole, akaitazama, akairudisha.

"Lakini si hilo tu, mwanangu. Huyu bwana kanieleza ulivyokaa. Bega limekufa ganzi, unawanyamazisha watu wasiniamshe. Mimi kufa sikuogopi. Hilo ndilo sitaki likupate."

Mkunga alitoka nje ili aseme na Kobe, na hapo akaona begi la baba yake limewekwa chini, kando ya gurudumu. Mkeka wake pia. Aliuliza nani ameshusha. Mafundi walitazama karata zao. Muuza vitambaa alitazama upeo wa macho, na kwa mara ya kwanza akawa hajui. Kobe alisema yeye hakushusha, lakini hakusema atalipandisha.

Mkunga aliwazalisha wanawake wengi na alizoea hofu za watu, hakuzichukia. Ila zile nyuso zilizogeuzwa pembeni zilimchoma kuliko matusi. Alipanda ngazi, akachukua begi lake mwenyewe, akaliweka juu ya la baba yake.

"Jana mlikuwa kumi na mmoja," aliwaambia. "Leo nendeni kumi. Kama hesabu ni ya kuharibika, basi iharibike yote."

Kobe aliapa kurudi baada ya siku nane. Mkewe aliwaachia unga, dengu na nusu ya majani ya chai, akamkumbatia mkunga bila kumtazama usoni. Lori likaondoka mchana. Walilitazama mpaka likawa nukta, kisha nukta ikayeyuka.

Yaliyotokea baadaye mkunga aliyasimulia mara moja tu katika maisha yake, na aliyesimuliwa alimwamini kwa sababu alikuwa akiyaeleza kama anavyoeleza uzazi, kwa mpangilio na bila kuongeza chumvi.

Walikaa watatu kivulini, migongo ukutani. Jua lilikuwa bado kali. Mzee alisinzia akamwegemea begani. Mkunga alimshika kifundo cha mkono na kuanza kuhesabu mapigo. Yalikuwa dhaifu lakini yapo. Aliamua hataacha kuhesabu.

Saa kumi ilipofika, wakasikia lori.

Lilikuwa likitoka upande waliotoka wao. Mngurumo ulikuwa wa lori la Kobe, na kile kikohozi chake cha kubadilisha gia. Ulikua, ukakaribia, ukafika mbele ya nyumba, ukazimwa. Mbele ya nyumba hapakuwa na kitu. Mchanga mweupe, tangi, kivuli cha tangi. Wakasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, ngazi ikigonga. Viatu vikashuka, vingi. Mtu akaomba maji. Mtu akasema mshikeni, mshikeni vizuri.

Kisha mwanamke akaanza kulia.

Mkunga aliitambua ile sauti mara moja. Kila mtu huijua sauti yake mwenyewe, hasa ile ambayo hajawahi kuitumia mbele za watu. Mwanamke alilia akisema hakujua, alidhani amesinzia. Alirudia hilo tu. Sauti ilikuwa hatua nne kutoka pale walipokaa. Mkunga alitaka kufumba macho akaogopa, akayaacha wazi, na kidole chake hakikuondoka kwenye mshipa wa baba yake. Mia na kumi na mbili. Mia na kumi na tatu.

Kando yake mtunza kisima alisimama. Machozi yalikuwa yakimtoka. Alinyoosha mkono kulichukua koleo, polepole, kama mtu aliyeagizwa.

"Kaa chini, kaka," mkunga alimwambia. "Huyu bado ni mzima."

Akasimama kitambo, mkono hewani. Kisha akakaa.

Sauti za nyayo ziliwapita, zikazunguka pembe ya nyumba. Kule nyuma walisikia watu wakiongea kwa sauti ndogo, wakitafuta kitu, wakiulizana. Waliendelea hivyo muda mrefu. Halafu sauti zikawa kama redio inayoondoka kwenye kituo, na mwisho wake hakuna aliyeusikia. Mkunga alikuwa amefika elfu tatu na kitu.

Mzee aliamka jua likiwa limelala. Alilalamika shingo inamuuma, akauliza nani alikuwa anaongea hivyo watu wamelala, na kama kuna chai.

Siku nane zilipita bila neno. Mzee aliitengeneza saa, kisha akaomba ruhusa ya kutoitia ufunguo, masikio yaendelee kupumzika. Alijifunza kuiwasha mashine ya maji. Kobe alirudi siku ya tisa, ameaibika, akaeleza kwamba wale kumi walifika salama, na kwamba unyayo wa bibi harusi unaendelea vizuri. Mzee alipanda lori bila kuambiwa mara mbili. Na mtunza kisima alifunga nyumba, akampa ufunguo kijana wa zamu mpya aliyekuja na Kobe, akapanda naye. Njia nzima hakugeuka nyuma.

Kaka mkubwa aliwapokea barabarani. Alikuwa na hasira ya mtu aliyeogopa sana, akataka kujua kwa nini wamechelewa. Mkunga alimwambia baba alichoka. Mzee akakitazama chumba cha kijani, akasema si kibaya kama alivyofikiri, ila kitanda kinalia. Aliishi humo miaka minne na miezi miwili, akigombana na mkwewe juu ya chumvi, na akafariki asubuhi moja baada ya kunywa uji, kitandani kwake, watoto wake wote wawili wakiwepo.

Mtunza kisima alipata kazi ya kulinda geti la shule katika mji ule ule, ambako mkunga naye alihamia hospitali ya hapo. Alimtembelea mkunga mara kwa mara, wakazungumza habari za mvua na bei ya mafuta. Siku moja tu ndipo alipomuuliza yule mwanamke mwingine, aliyemzika baba yake, alienda wapi na wenzake walipoondoka alfajiri ile, maana huku hakuna aliyewaona wakifika.

Mkunga alisema hajui. Alisema huwa anamfikiria, hasa akikaa peke yake zamu ya mchana, wodi imetulia. Kisha akainuka kumwongezea mgeni chai.