Michai ya Mteremkoni

Kinuyo alirudi nyumbani Kakegawa kutoka kwa bintiye aliyejifungua, akakuta mteremko wa nyuma umenyolewa kama kipara. Michai aliyoipanda na marehemu mumewe ilikuwa imelala mizizi juu. Safu chache tu za kule juu ndizo zilizosalia, na katapila limeegeshwa karibu nazo.

Hakuhitaji kuuliza. Shamba lilikuwa kwa jina la shemeji yake Hideaki, kaka wa marehemu, ambaye tangu mazishi wimbo wake ulikuwa mmoja: umeme wa jua.

Jioni alifanya alichozoea kufanya kila kiangazi. Alitia majani ya mchumo wa kwanza kwenye chupa ya kioo, akajaza maji baridi, akaiweka kwenye friji ilale humo. Majani mengine yakamwagika. Akapiga magoti kuyaokota moja moja. Angepata wapi mengine?

Asubuhi Hideaki akaja na boksi la keki, jasho likimtiririka.

"Shemeji, umerudi! Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Kaa."

Akammiminia chai ile ya kwenye friji. Hideaki akapiga funda, akafumba macho. "Aah! Tamu, haina ukali hata chembe. Umeinunua wapi hii?"

"Nimeinunua?" Damu ilimpanda Kinuyo kichwani. "Hiyo ni chai ya michai ya mdogo wako! Maji ya moto yanayakurupusha majani, yanatoa uchungu. Ya baridi yanayabembeleza usiku kucha. Mdogo wako alijua kusubiri. Wewe umeshindwa kunisubiri hata nirudi!"

"Lakini shemeji, chai siku hizi haina bei. Vijana wanakunywa ya dukani. Na wewe kwa umri huo, mlima ule..."

"Umri wangu umekulalamikia? Simu ulinipigia, ukauliza mtoto kafanana na nani. Mdomo huohuo ulishindwa kusema unaleta katapila?"

 Hideaki akaisogeza bilauri yake mbele, aongezwe kidogo. Kinuyo akaibeba chupa, akairudisha kwenye friji na kuubamiza mlango.

Hapo katapila likanguruma. Kinuyo akatoka na ndala zake za jikoni, akaupanda mteremko mbio, akasimama mbele ya safu zilizobaki.

"Mama, pisha, nina kazi!" dereva akapiga kelele.

"Hata mimi nina kazi. Nipitie juu ukitaka!"

Hideaki akafika akihema.

"Bosi, vipi, niendelee?" dereva akamuuliza.

Hideaki alimtazama shemeji yake, ambaye kifua kilikuwa kikimpanda na kushuka, na matope yamemfika magotini. "Zima," akasema. "Hizo ziache."

Paneli za umeme wa jua zikafungwa chini, michai ikabaki juu. Majirani wakamwambia Kinuyo amshukuru shemeji yake, maana sheria ilikuwa upande wa Hideaki.

"Nimshukuru?" Kinuyo aliwauliza, sauti ikipanda. "Mtu akikuvunjia nyumba akakuachia jiko, unamwambia asante?"

Na hakumwambia.