Wimbo wa Geti Haukatwi

Klarineti ilirudi mikononi mwa Tete ikiwa imekauka kama mfupa. Tangu mgomo ilikuwa imefungiwa ndani ya kabati la kioo kwenye mapokezi ya kiwanda, chini ya kiyoyozi, wageni wakiionyeshwa kama kichwa cha mnyama aliyewindwa. Vyombo vya bendi walivinunua wafanyakazi wenyewe kwa jasho lao. Kiwanda kilivitwaa siku kilipowafukuza. Sasa kiwanda kimeuzwa, na vyombo vikatupwa nje pamoja na viti vilivyovunjika miguu. Hata aibu hawakuona. Mlinzi wa geti ndiye aliyemwita aje kuokota chake.

Tete, jina alilopewa kwa kile kipande cha tete cha klarineti alichokuwa akikinyonya mdomoni kutwa, aliitikisa karibu na sikio. Pete za chuma kwenye maungio zikalia, cheke cheke. Akajua. Mpingo ukikaa kwenye hewa kavu husinyaa, pete zikalegea. Ukiupuliza ghafla, pumzi yenye joto na unyevu huuvimbisha kwa ndani wakati nje bado umejikunyata. Hapo mti unakosa pa kwenda, unapasuka. Dawa yake ni subira tu.

Lakini Tarumbeta hakuwa na subira ya kuazima.

Huyo Tarumbeta hakuwahi kupuliza tarumbeta maisha yake. Aliitwa hivyo kwa koo lake: ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi, na waliposimama getini kuwapigia wenzao wanaoingia zamu, sauti yake ilikimeza king'ora. Sasa mapafu yameliwa na vumbi la pamba, hospitali imemrudisha nyumbani afie kwa watu wake, na ombi lake ni moja: kuusikia wimbo wa geti kwa klarineti ile ile kabla hajafumba macho.

Basi Tete akailaza sandukuni, kifuniko wazi, pembeni kisahani cha sabuni chenye sponji iliyolowa na kukamuliwa. Mvua zilikuwa zimeanza, hewa yenyewe nzito. Akapitisha kitambaa chenye mafuta ndani, kidogo kidogo. Kila asubuhi alizigusa pete, na kila asubuhi binti wa Tarumbeta alisimama mlangoni.

"Baba mdogo, anauliza, bado?"

"Mwambie mti hunywa maji kwa kijiko."

Kesho yake binti alirudi na jibu, akijizuia kucheka. "Anasema yeye uhai unamtoka kwa ndoo."

"Mwambie huyo mropokaji asiondoke bila ruhusa yangu."

Ikafika asubuhi pete zikabana. Si sana. Zilibana kiasi cha wimbo mmoja, upulizwe taratibu, chumbani, penye joto. Akatuma salamu kwamba anakuja, akavipasha vipande vyake kwapani, akavificha ndani ya koti, akatoka.

Njia fupi inapita kiwandani. Angeweza kuzunguka kwa wauza mbao. Hakuzunguka.

Uwanjani, nyuma ya geti, gari jeusi lilikuwa likigeuza. Ndani yake alikaa meneja wa zamani, amekuja kuwakabidhi matajiri wapya funguo. Ni yule yule aliyesimama juu ya ngazi siku ya mgomo akawaambia: "Pigeni bendi yenu. Njaa itawanyamazisha." Wengine hutunza picha za ujanani, Tete alitunza sentensi hiyo, akiipangusa kila siku isishike kutu.

Ubeti mmoja tu, alijiambia. Huyu apate mmoja, zinazobaki ni za ndugu yangu.

Akaunganisha vipande, akapuliza. Ubaridi wa mvua nje, joto la pumzi ndani, na sauti ikatoka! Ikapanda ukutani, ikawaondoa njiwa paani. Ubeti ukaisha, na hapo ndipo angeacha. Lakini bendi ile ilikuwa na sheria waliyoitunga wenyewe na kuiheshimu kuliko amri zote za kiwanda: wimbo wa geti haukatwi mpaka mtu wa mwisho apite. Aliyekata alinuniwa na bendi nzima. Na gari lilikuwa bado halijapita, maana mlinzi, kwa makusudi, alijifanya anatafuta ufunguo mfuko huu na ule. Tete akapiga wa pili. Akapiga wa tatu, kwa hasira yote aliyoiweka akiba. Gari lilipompita hatimaye, alisikia kitu chini ya vidole, kama ukucha unaokatika.

Ufa ulianzia tundu la juu ukashuka urefu wa kidole. Fundi angeweza kuuziba kwa gundi na pini, majuma kadhaa tu. Majuma hayo Tarumbeta hakuwa nayo.

Alimkuta ameegemezwa kwa mito, amenyolewa ndevu, amevalishwa shati lililopigwa pasi. Alikuwa amejipamba kwa ajili ya wimbo. Hilo ndilo lililomkata Tete maini. Akapuliza hata hivyo. Pumzi ikavuja ufani, ikatoka sauti ya kuku aliyebanwa na mlango.

"Nimekuagiza wimbo," Tarumbeta alisema, "umeniletea kitoweo."

Tete akamweleza yote. Hakuficha kitu.

Tarumbeta aliutazama ule ufa. "Alisikia?"

"Nani?"

"Huyo meneja wako. Alisikia?"

Tete alitazama sakafu. Gari lilikuwa limepita karibu, angenyoosha mkono angeligusa. "Vioo vilikuwa vimefungwa," alisema. "Alikuwa anaongea na simu."

Tarumbeta alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, binti akaja mbio na beseni. Kilipotulia, alizungumza kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake hata kidogo.

"Kwa hiyo pumzi yangu umempa asiyeitaka."

"Nisamehe, kaka."

"Nimeshakusamehe. Ila ningependa kuusikia."

Binti akainama, akaanza kumfungua baba yake vifungo vya shati, kimoja kimoja.