Katika Kanisa la Mama Sirinda Hakuna Kugeuka

Koplo Maduhu hakai popote bila ukuta mgongoni. Mwulizeni yeyote anayemfahamu. Harusini anatafuta kiti cha pembeni, kilabuni anamwondoa mtu kwenye kona, hata msibani, watu wanalia, yeye anapima kwa macho ni wapi pana ukuta. Marehemu mkewe alikuwa akimtania kwamba hata kaburini ataomba alazwe ubavu, mgongo kwenye udongo mgumu. Leo amekaa sebuleni kwake, saa nane mchana, tumbo limejaa ugali na dagaa, kiti kimeegemezwa ukutani, na usingizi anaukataa kwa nguvu zote kwa sababu Kabula anakuja. Asubuhi Kabula ametuma ujumbe kwenye simu: Shemeji, leo mchana nakuja, nina neno juu ya marehemu mume wangu. Basi, hakuna zaidi. Neno gani? Miaka ishirini na sita mwanamke amenyamaza, leo ndiyo ana neno? Maduhu ameusoma ujumbe huo mara tisa akiutafutia sumu. Nani kamwambia nini? Maana Luhende, mume wa Kabula, alikufa vitani, darajani, na mtu pekee aliyekuwa naye ni Maduhu, na Maduhu aliporudi alisimulia kwamba mwenzake alikufa akiwatazama maadui usoni. Kwa maneno hayo Luhende akaimbwa kijiji kizima, na Maduhu akavishwa nishani. Mezani mbele yake ipo singe yake ya jeshini, kile kisu kirefu cha kufungwa mdomoni mwa bunduki, siku hizi anamenyea viazi. Anaikodolea macho. Anajiapiza kwamba halali ng'o. Analala.

Na ukuta unaachia. Hauanguki, unaachia tu, unalainika nyuma ya kisogo chake mpaka anazama chali, yeye na kiti chake, na anapoinuka amesimama katikati ya barabara ya vumbi jekundu isiyo na mwanzo, na singe imo mkononi. Kitu cha kwanza anachofanya, Maduhu ni Maduhu, ni kutafuta ukuta. Hakuna. Hakuna nyumba, hakuna kichuguu, ni barabara tupu na anga la rangi ya chai ya maziwa, basi anatembea akijizungusha, hatua tatu anageuka, hatua tatu anageuka, na kwa kujigeuzageuza huko hajui tena kama anakwenda au anarudi. Anafika darajani. Loo, daraja hili analijua, mbao zilezile, kamba zilezile. Anakaza macho pembeni na kulivuka haraka. Anatembea. Anafika darajani. Analivuka. Anatembea tena, safari hii anahesabu hatua ili asichezewe, na kabla hajafika mia yuko darajani, na kwenye ubao wa katikati amesimama mtu aliyevaa kanzu nyeupe ya shemasi, na juu ya ukosi wa kanzu kuna kichwa, na kwenye kichwa hakuna uso. Ngozi tu, laini, kuanzia kipaji mpaka kidevu. Mimi ningetimua mbio, siwafichi. Maduhu anainua singe na kuuliza, wewe nani? Shemasi anajibu, sauti inatoka sijui wapi, mimi ni yule unayemtafuta kila unapogeuka. Uso wako uko wapi? Nitapewa na atakayeacha kuniangalia. Na njia hii inakwenda wapi? Inakwenda ulikotoka, ila polepole. Maduhu anasonya. Majibu gani haya, anawaza, huyu katumwa, huyu ni mtu wa Kabula. Lakini shemasi ameshaanza kutembea, na Maduhu, kwa kuogopa kumwacha huyo mtu aje kumtokea nyuma, anamfuata.

Wanaingia katika mji ambao kuta zake zote ni vioo. Kuta! Maduhu anafurahi, anakimbilia wa kwanza aegemee, halafu anasita, kwa kuwa ndani ya kioo haoni uso wake. Anaona kisogo chake, mabega yake, shati lililoshikana na jasho mgongoni. Anahamia kioo kingine, mgongo. Kingine, mgongo. Anageuka ghafla akikamate kioo kikidanganya, na kioo nacho kinageuka naye. Mji mzima una migongo yake Maduhu, mamia, na yote iko wazi, na hakuna anayeilinda. Mnafanya nini hapa, anafoka, mnanitisha? Shemasi anasema, mji huu hauna kitu chake, unakuonyesha tu kile wanachokiona wenzako ukiondoka. Neno hilo Maduhu analimeza kwa shida. Anaendelea na safari akiwa ameinamisha kichwa, mtaa baada ya mtaa, na mtaa wa mwisho unarudi kuwa wa kwanza, na kwenye mtaa wa kwanza, ambapo mwanzo hapakuwa na kitu, sasa pana kanisa.

Ni kanisa lililoezekwa kwa ngao, ngao juu ya ngao, na milango yake haina komeo. Hilo nalo linamtia shaka, kanisa la vita lisilo na komeo? Ndani wamejaa askari wa kila namna, wenye mikuki, wenye bunduki, wenye mashoka, na mbele kabisa, mahali pa madhabahu, kuna sanamu ya mwanamke mrefu kufika darini, amevaa deraya ya chuma, mkuki wake ameulaza miguuni, na waumini wote amewapa mgongo. Huyo ni Mama Sirinda, shemasi ananong'ona, mungu wetu wa vita vya heshima. Kwake hakuna kumpiga aliyeangusha silaha. Hakuna kumpiga mtu kabla hujamwita kwa jina lake na jina la mama yake. Hakuna kumpiga mtu mgongoni. Maduhu anauliza, sasa mbona hatutazami? Shemasi anajibu, angekuwa na shaka nanyi angewatazama. Ah, mtego, anawaza Maduhu, hakuna mungu mjinga kiasi hicho. Anachungulia chini ya mabenchi. Ananusa maji ya kunawia mlangoni. Hakuna kitu, maji ni maji, na hilo linamkera zaidi.

Ibada inaanza, na desturi ya ibada hiyo ni moja tu. Kila anayeingia anatoa silaha yake na kumkabidhi yule anayemhofia kuliko wote humo ndani, na huyo aliyekabidhiwa anasimama nyuma yake na silaha mkononi mpaka sala iishe. Ndiyo sala yenyewe. Hamna maneno mengine. Jitu moja lenye bandeji linampa shoka lake mwanamke ambaye, kwa mujibu wa shemasi, lilimchomea nyumba, linapiga magoti likimpa mgongo, na linatetemeka mwili mzima bila kugeuka. Maduhu anamsogezea shemasi singe yake. Shika wewe, anasema, sikuamini hata chembe. Shemasi anakataa. Mimi hunijui tu, anasema, hilo si hofu. Mtafute mwenye mzigo. Na Maduhu anamwona. Kwenye benchi la mwisho amekaa Kabula, khanga begani, magotini amepakata furushi lililofungwa kwa kamba ya katani, na Maduhu anajua kilichomo. Ni shati. Ni shati la Luhende la jeshini, wamelipata, wamelituma, na shati hilo lina tundu, na tundu haliko kifuani.

Niwaeleze tu sasa, tusizungushane. Pale darajani Luhende alikuwa anatazama mbele na Maduhu alikuwa anatazama nyuma. Ndivyo walivyogawana. Luhende alimwambia, wewe ndiye mgongo wangu, halafu akasahau kabisa habari za nyuma, akapigana. Na maadui walipotokea nyuma, Maduhu ndiye aliyewaona wa kwanza, na hakupiga kelele. Tangu siku hiyo hajakaa bila ukuta, na watu husema ni ujanja wa kijeshi.

Anampa Kabula singe. Kabula anaipokea kwa mikono miwili. Maduhu anapiga magoti, anamtazama yule mama mrefu aliyewapa mgongo, na nyuma yake anasikia kamba ikifunguliwa, au ni pumzi, au ni hatua, na jasho linateremka kwenye uti wa mgongo, na anajikaza, na anajikaza, na anageuka. Ibada yote inakatika. Jitu lenye bandeji linaziba macho kwa aibu, si aibu yake, aibu ya Maduhu. Kabula amesimama palepale na singe ameiinamisha chini, wala hakuwa na nia ya kumchoma, na uso wake unaanza kufutika, macho, pua, mdomo, unalainika mpaka anafanana na shemasi. Na kule mbele, taratibu, mawe yakisagana, Mama Sirinda naye anaanza kugeuka ili amtazame Maduhu. Maduhu anapiga ukelele.

Hodi. Hodi humu ndani, shemeji, kuna usalama?

Sebule ni sebule. Meza ipo, singe ipo, sahani ya dagaa ina nzi. Maduhu anapeleka mkono nyuma na kuupapasa ukuta, upo, mgumu, wa baridi, na anashusha pumzi. Karibu, anasema, karibu shemeji. Kabula anasimama mlangoni, jua la mchana liko nyuma yake kali kiasi kwamba uso wake hauonekani kabisa, na kwapani amebana furushi lililofungwa kwa kamba ya katani. Anaketi. Wanaulizana habari za nyumbani, za mvua iliyogoma, za mguu wa Kabula unaomsumbua. Halafu Kabula analiweka furushi juu ya meza, anahangaika na fundo, anashindwa. Huyu aliyefunga alikuwa na hasira, anasema kwa kicheko, hebu nipe hicho kisu, shemeji.

Maduhu anaitazama singe. Anaichukua, anaigeuza mpini, anampa. Na kabla haijagusa kamba anasema, ngoja. Ngoja, shemeji, usikate kwanza, nisikilize. Najua umekuja na nini. Luhende aliniweka nyuma yake nimlinde. Niliwaona wakija. Sikupiga kelele. Nilikimbia nikajilaza kwenye matete, na wao wakampiga mgongoni akiwa ananiita jina langu, akidhani nipo. Nilikudanganya. Nimewadanganya wote, na ile nishani ni yake.

Nje kuku anatafuta mahali pa kutaga. Kisha mkono wa Kabula, polepole, unaendelea na kazi uliyokuwa umeianza, unakata kamba, na furushi linafunguka, na mezani inamwagika michembe, viazi vikavu vya mwaka huu, vyeupe, vilivyokauka vizuri. Hakuna shati.

Nilikuletea michembe, anasema Kabula. Sauti yake ni ndogo. Mtoto wangu anaoa Jumamosi, yule niliyekuwa na mimba yake. Nilikuja kukuomba usimame nyuma yake kanisani, mahali pa baba yake. Nikasema, nani mwingine?

Laiti Maduhu angenyamaza! Laiti angenyamaza dakika moja tu, na wakati huohuo, Mungu amsamehe, kifua chake ni chepesi kwa mara ya kwanza tangu ujana. Kabula anainuka. Singe bado iko mkononi mwake, na jua la mlangoni bado linauficha uso wake, au jua limeshahama na uso ndio haupo, Maduhu hawezi kusema. Anaizunguka meza. Kandambili zake zinapita upande wa kushoto wa kiti, zinaendelea, zinafika nyuma yake, mahali ambapo sasa hivi tu alipapasa ukuta, na upepo unamgusa kisogoni.

Kaa hapohapo, shemeji, anasema Kabula.

Maduhu anaweka mikono yote miwili magotini, anaitazama michembe, na hageuki.