Ukuta Usio na Lipu

Mwanangu alipopata nyumba ya kupanga katika mtaa wa kale, ghorofa ya juu kabisa, alinitumia picha tatu na neno moja: "Kifahari." Nilizikuza picha zile kwa vidole viwili kwenye simu, nikamwonea huruma.

Nilipokwenda kumtembelea, huruma ikazidi. Jengo hilo zamani lilikuwa ghala la magunia, na mlangoni pana kibao cha chuma kinachosema ni kumbukumbu ya mji. Lifti yake ni kizimba cha vyuma kinachopanda kwa kuguna. Juu, ukifungua mlango, unakuta ukumbi mkubwa kama wa mikutano, na humo humo kuna kitanda, jiko, meza na viatu. Vyumba hakuna. Mabomba yanapita darini waziwazi. Sakafu ni saruji tupu. Bafu lina ukuta wa kioo, kwa hiyo anayetaka kuoga inabidi kwanza awaage wageni. Na upande wa madirisha kuna ukuta mrefu wa matofali mekundu, uchi kabisa, kama siku mwashi alipouacha.

"Mwanangu," nikamwambia taratibu, "mwenye nyumba aliishiwa?"

Akacheka, akasema ndivyo inavyotakiwa, na kwamba watu wanaigombania. Sikumwamini. Mtoto mwema hamwonyeshi mama yake shida zake, na wangu ni mwema.

Jioni ile akaniambia jambo lililonigusa. Alikuwa amepewa miezi mitatu tu ya majaribio, na kesho yake saa sita mchana mwenye nyumba, bibi mmoja mzee asiyependa mchezo, angekuja kukagua. Akiridhika, angempa mkataba wa mwaka mzima. Asiporidhika, kijana afungashe. Mwanangu amehama nyumba tano katika miaka mitatu. Kuna masanduku ambayo hajawahi hata kuyafungua.

"Niombee, mama," akasema. Hajaniambia hivyo tangu mtihani wa shule ya msingi.

Nikaomba mambo mawili: yeye apewe ule mwaka, na mimi nilindiwe ulimi, maana nikikaa na watu wa heshima huwa naongeza chumvi. Nilipomaliza nikaona wazi kwamba aliyeomba mvua hana budi kushika jembe. Nikampigia simu ndugu yangu.

Ndugu yangu ni fundi lipu. Wenzake humwita Pimamaji, kwa sababu hawezi kuvumilia kitu kilichopinda. Hata picha za ukutani kwa watu huzinyoosha kabla ya kusalimia. Asubuhi, mwanangu alipokwenda kazini, Pimamaji akapanda na kile kizimba, pamoja na mchanga, saruji, ndoo na mwiko wake. Akasimama mbele ya ukuta akatikisa kichwa kama daktari.

"Dada, waliojenga hapa walikimbizwa?"

Nikamwambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Akasema hapa ufa hakuna, ni ukuta wenyewe ndio uliosahauliwa kuvikwa nguo. Akavua shati, akaanzia kando ya dirisha, penye jua.

Siwezi kusema uongo, kazi ilikuwa nzuri. Kufika saa nne alikuwa amefunika eneo la milango miwili, laini kama ganda la yai. Matone yakawa yanadondoka sakafuni, nikaenda kutafuta magazeti ya kutandika. Nikafungua droo. Magazeti hayakuwemo, mlikuwa na karatasi zilizobanwa pini, zenye mhuri.

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni, tunakojifunza kusoma ukubwani, ametuagiza tusome kila chenye maandishi, hata karatasi ya sabuni. Nikaketi nikasoma, kidole chini ya mstari. Ukurasa wa pili, kifungu cha nane: "Mpangaji hatapaka rangi, hatapiga lipu wala hatatoboa ukuta wa matofali ya asili. Akifanya hivyo, mkataba huu umevunjika."

Nikakirudia nikitumaini nimekosea herufi. Sikuwa nimekosea hata moja. Ilikuwa mara ya kwanza kusoma vizuri kuniumiza.

"Weka mwiko chini," nikamwambia ndugu yangu.

"Ngoja nimalize kona hii."

"Kona hiyo ndiyo inayomfukuza mpwa wako."

Nikamsomea. Pimamaji akaketi juu ya ndoo. Akasema kwa miaka thelathini hajawahi kusikia ukuta ukilindwa na sheria usipigwe lipu. Kisha tukaanza kubandua, yeye kwa mwiko, mimi kwa maji na brashi ya viatu. Lipu mbichi ikatoka, matofali yakarudi, yamelowa na kung'aa kuliko mwanzo. Lakini kando ya dirisha jua lilikuwa limeshafanya kazi yake. Kipande kimoja cha ukubwa wa sinia, usawa wa mabega ya mtu aliyeketi, kilikuwa kimeshika. Pimamaji alisema akikigonga kwa pupa, tofali litaondoka nacho.

Saa sita kasoro dakika tano, kizimba kikaanza kuguna. Pimamaji, kifua wazi na saruji mpaka nyusi, akakimbilia mahali pekee penye mlango, yaani bafuni. Ndipo akakumbuka kioo. Akavuta taulo kubwa, akajifunika nalo kuanzia kichwani, akasimama wima kama nguo iliyotundikwa. Mimi nikavuta kiti, nikakiweka mbele ya kile kipande, nikaketi na kunyoosha mgongo.

Mlango ukafunguka. Aliingia mwanangu, na nyuma yake bibi mwenye fimbo, wa umri wa mama yangu kama angekuwa hai. Mtu wa umri ule anaingia, nami nimekaa. Nikamwamkia nikiwa kitini. Mwanangu akanitazama kana kwamba amemkuta mtu mwingine amevaa nguo za mama yake.

Bibi akaitikia. Akatazama maji sakafuni. Akatazama ukuta uliolowa. Akatazama bafu, ambamo taulo lilikuwa na miguu miwili yenye saruji. Akarudi kwangu.

"Mwanangu, unaumwa miguu?"

Jibu lilikuwa tayari, limepikwa na kupakuliwa: ndiyo, bibi, tangu mwaka juzi. Mwanangu alishaanza kuitikia kwa kichwa. Lakini nilikuwa nimeomba ulimi wangu ulindwe, na niliyemwomba alikuwa kazini.

"Hapana, bibi. Miguu yangu ni mizima kabisa."

Nikasimama, nikasogeza kiti.

Mwanangu akafumba macho. Nikaeleza yote: kwamba nilidhani nyumba haijaisha, kwamba fundi nilimwita mimi, mtoto hajui lolote, na kama kuna wa kufukuzwa basi ni mama. Mficha uchi hazai, nikamalizia, na kwa bahati mbaya neno hilo likanifanya nitazame bafuni.

"Na fundi atoke," bibi akasema. "Hilo taulo limechoka kusimama."

Pimamaji akatoka. Bibi akapitisha kiganja juu ya kile kipande, juu na chini, kulia na kushoto.

"Imenyooka," akasema.

"Ikikamilika ndiyo utaiona," akajibu ndugu yangu, maana sifa za kazi zilimsahaulisha hatari.

Bibi akaketi kwenye kiti changu. Akatusimulia kwamba alizaliwa kwenye ghorofa hii hii, ghala likiwa chini, na kwamba ukuta ule ulikuwa na lipu nyeupe aliyoipiga baba yake kwa mkono wake mwenyewe. Alipotaka kupangisha, mchora ramani akamshauri kwamba watu wa siku hizi wanataka kuona matofali. Mafundi wakabandua kwa wiki mbili, naye amekaa ngazini anaisikia ikianguka. Tangu hapo kila mpangaji humsifia ukuta.

"Wewe ni wa kwanza kuniambia haijaisha," akasema.

Lakini kifungu ni kifungu, akaongeza. Kile kipande atakitoa aliyekiweka, kwa patasi, polepole, na tofali lisipate hata mkwaruzo. Mwanangu akauliza kwa sauti ndogo habari ya ule mwaka.

Bibi akatoa mkataba mpya mkobani. "Mwaka utaupata. Ila nataka shahidi, na awe huyu aliyesimama."

Mwanangu akanipa kalamu na kunionyesha mstari wa sahihi haraka haraka, bibi asije akabadili nia. Nikamrudishia kalamu. Nikasema kwanza nasoma.

Zilikuwa kurasa sita. Mwanangu akachemsha chai, ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Hakuna aliyenihimiza isipokuwa Pimamaji, aliyekuwa bado hajapata shati lake. Kifungu cha nane kilikuwa kile kile. Cha kumi na moja kilisema mpangaji haruhusiwi kuongeza ukuta wala kizuizi chochote. Nikainua kichwa.

"Bibi, pazia la bafuni ni kizuizi?"

Bibi akatazama bafu, akamtazama ndugu yangu na taulo lake, akachukua kalamu na kuandika pembeni: pazia linaruhusiwa. Ndipo nikaandika jina langu, herufi zote bila kuruka hata moja, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, na kumwuliza mwanangu duka la vitambaa liko wapi.