Bomba Lilipokata Kona

Baraza la Jiji lilipotangaza kwamba maji ya mfereji na bomba la maji taka vitafika hadi mtaa wa Kwa Muindi, watu walishangilia kanisani, wakashangilia kilabuni, na wale wasiopatana na kanisa wala kilabu wakashangilia barabarani. Nani asingefurahi? Vyoo vya shimo vilikuwa vikifurika kila mvua, na ndoo ya maji haikupatikana bila foleni na matusi. Kezia Apondi alishangilia pamoja nao hadi asubuhi ile wapimaji walipokuja na kamba zao, wakapigilia vigingi. Kigingi kimoja kilisimama nyuma ya nyumba yake, kando ya ua, pale pale alipomzika mtoto wake.

Mtoto mwenyewe hakumaliza wiki. Ilikuwa mwaka wa 1974, mvua haikatiki, mumewe Phares, mfanyakazi wa reli, yuko safarini na treni, na nauli ya kwenda kwao Siaya haipo. Wanawake wa kanisa walimwambia kwamba kitoto kama hicho huzikwa na wanawake, bila makelele, karibu na mama yake. Hakuna aliyeomba kibali. Kezia alipanda maua pale, akanyamaza. Sasa, miaka mitano baadaye, aliona kwamba akisema, askari wa Baraza watamjia, na asiposema, sururu itasema.

Chakula kilimshinda, usingizi ukamhama. Mwishowe alimwendea Matheka, nyapara wa wachimbaji, akamweleza yote akiwa amesimama wima, maana alijua akikaa tu atalia. Matheka alivua kofia. Habari ya kibali hakuiuliza.

"Hiyo laini naweza kuisongeza, mama," alisema. "Lakini bomba ya maji taka si mpira wa kumwagilia maua. Haikunjiki. Ikikata kona, lazima hapo tujenge shimo kubwa lenye kifuniko cha chuma, mtu awe anaingia kuzibua. Na hilo shimo litaangukia kwa jirani yako huyu. Akikubali, nitaongea na mkubwa wangu. Akikataa, sina njia."

Jirani huyo alikuwa Waithera, Mama Njogu, ambaye kwenye kona hiyo hiyo ndiko alikokaangia mandazi ya kuwauzia vibarua waendao Industrial Area. Nani atanunua andazi kando ya shimo la maji ya choo? Isitoshe, wawili hao hawakuwa wakisalimiana tangu Kezia aliposema, kwenye foleni ya maji, mbele ya kadamnasi, kwamba mandazi ya Waithera yanafaa kuwekwa chini ya tairi la lori lisiteremke mlima. Watu walicheka mpaka wakamwaga maji. Kezia ana ulimi, haki ya Mungu, na ulimi huo haukuwa umewahi kumgharimu chochote mpaka sasa.

Alienda hivyo hivyo. Alimkuta Waithera akikanda unga.

"Hodi, Mama Njogu."

"Karibu," Waithera alijibu bila kuinua kichwa.

Njiani Kezia alikuwa amepanga maneno ya kuomba radhi, lakini yote yalimtoroka. Alijikuta anasema habari za mtoto tu, na kigingi, na kona ya bomba. Mikono ya Waithera ilitulia ndani ya unga.

"Alikuwa msichana?"

"Msichana."

"Anaitwa nani?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Mchungaji hakuuliza, na Phares mwenyewe alikuwa akilikimbia jina hilo.

"Akoth," Kezia alisema. "Alizaliwa mvua ikinyesha."

Waithera alijipangusa mikono kwa leso, taratibu.

"Mwambie huyo Matheka achimbe shimo lake. Jiko langu nitalipeleka huko mbele."

"Na wateja wako?"

"Si wana miguu? Watanifuata." Akarudi kwenye unga wake. "Na yale maneno ya tairi bado yananiuma. Hayo tutaongea siku ingine."

Kezia alichukua kisu akaanza kukata mandazi, na Waithera hakumzuia.

Matheka alitimiza ahadi yake, na vigingi vikahamishwa. Siku wachimbaji walipofika, Kezia alijifungia ndani akakaa kitandani, kwa kuwa hakuweza kutazama. Aliyesimama nje ni Waithera, mikono kiunoni, mandazi ameyaacha yakipoa. Kezia alimsikia akiwaamuru wanaume wazima kama watoto wake wa kuzaa: "Songa huku. Wewe wa shati la kijani, usikanyage hayo maua. Polepole hapo, nimesema." Nao walisonga, bila kuuliza ni kwa nini.

Hatimaye sauti za sururu zilisogea mbali. Ndipo Waithera alipoita juu ya ua, kwa ile sauti yake ya kuitia wateja inayojulikana mtaa mzima.

"Mama Akoth. Toka uone, wamepita."

Mtaani hapo kila mama aliitwa kwa mtoto wake, na miaka yote hiyo Kezia alikuwa bibi ya Phares tu. Wachimbaji walisikia. Majirani walisikia. Kezia alisimama, akafungua mlango.

"Naam, Mama Njogu," aliitika kwa nguvu zake zote. "Nakuja." Akatoka nje akilia mbele ya watu wote, wala hakuufunika uso.