Mayungiyungi ya Lambo la Mitundu

Fabiano alipofungua nyumba ya wageni pale Mitundu, ile miaka ya ruksa, biashara binafsi zilipofunguliwa, alitaka iwe na kitu cha kupendeza macho. Akaleta shina moja la yungiyungi kutoka mjini, akalichomeka kwenye lambo la kijiji. Lambo hilo kaka yake marehemu, Isaka, alikuwa miongoni mwa waliolichimba kwa majembe ya mkono.

"Shemeji, hayo ni maji ya ng'ombe," alisema Eliana, mjane wa Isaka.

"Ua moja tu, shemeji. Litakupunguzia nini?"

Likachanua jeupe, wageni wakapiga picha. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa chini topeni. Shina lile nene lilitambaa kama tangawizi, likitoa machipukizi, na kila chipukizi likawa mmea wa kujitegemea. Halikungoja mbegu wala nyuki. Masika ya pili yalipokwisha, majani yalikuwa yametanda lambo zima.

"Wewe uliyeleta, njoo uyatoe," Eliana alimwambia.

Fabiano akacheka. "Siku hizi soko huria, shemeji. Kila mtu na lake."

Basi Eliana akaingia mwenyewe na panga. Alifyeka kwa uchungu wa jasho la mumewe, akayakatakata mashina vipande vipande, akavisukumia majini. Alirudi nyumbani mikono imechubuka, lakini roho imetulia. Mvua ziliporudi, vile vipande vilikuwa vimeota. Alikuwa amempandia adui shamba.

Kiangazi kilichofuata, ng'ombe pekee aliyeachwa na Isaka alijipenyeza katikati ya majani kutafuta maji. Miguu ikanaswa na mashina, akadidimia hadi kifuani. Majirani walimvuta kwa kamba mpaka wakachoka. Mwishowe wakamchinja humo humo topeni, asije akafa kibudu. Eliana alimshika pembe, akitazama pembeni.

Fabiano akaja mbio, shati limenyooshwa.

"Pole sana, shemeji. Sasa hiyo nyama niuzie mimi. Leo nimejaza wageni."

Eliana alitaka kumtemea mate. Lakini jua lilikuwa kali, na nyama haingoji hasira ipoe. Akamuuzia.

Mwaka uliofuata Fabiano alifunga nyumba ile, akahamia Itigi karibu na reli, ambako biashara ilikuwa nono zaidi. Hakuaga. Lambo likabaki limezibwa na majani, Eliana akawa anateremka korongoni, kwenye mkondo uliokauka, kila asubuhi, anafukua mchanga kwa mikono, kisha anachuchumaa na kata yake ya kuchotea, akisubiri maji yajikusanye.