Nyota ya Duara la Werema

Asubuhi ya kuondoka kwenda chuo Mtwara, begi langu halikuwepo. Nililiacha mlangoni nikarudi ndani kumuaga bibi, na nilipotoka nilimkuta Muzamil, kijana wa bodaboda aliyekuja kunipeleka Tarime mjini, ameinamia usukani kwa aibu.

"Dada Mokami, wamelichukua kina Werema. Wamesema ukilitaka ulifuate kwenye duara."

Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na Nyamongo yetu imejaa mashimo hayo. La Werema lilikuwa nyuma ya shamba letu la mihogo. Zamani mwanamke hakuruhusiwa kulisogelea. Walisema dhahabu itakimbia. Mama alikuwa akiwauzia uji, lakini alisimama mbali na kuwaita waje na vikombe vyao. Kisha siku moja, mwezi wa tisa, nilipeleka uji mimi, nikasahau katazo lao, nikafika mpaka kwenye kamba wanayoshukia. Walikuwa wanainuka kunifukuza, mara mtu aliyekuwa chini akapiga kelele: mwamba walioutafuta tangu masika umeonekana, na unang'aa. Kuanzia hapo hakuna aliyeshuka kabla sijaigusa kamba ile. Wakaniita Nyota.

Mama alitangulia kwenda shimoni, upawa wa uji mkononi. Begi langu tulilikuta linaning'inia ndani ya duara, limefungwa kwenye kamba ya kushushia watu.

"Shikamooni," nilisema, maana hata ukiwa na hasira, salamu ni salamu.

"Marahaba, Nyota," alijibu Werema, mkubwa wao, mtu mrefu mwenye vumbi mpaka kwenye kope. "Usikasirike. Elimu hatuikatai. Ila mwamba ndiyo kwanza umefunguka. Nenda mwakani."

"Wanafungua Jumatatu, mzee. Nisipofika kujisajili, nafasi yangu anapewa mwingine."

"Huko Mtwara kwenyewe kuna nini?" akadakia Nchagwa, mcheshi wao. "Bahari? Maji yake nasikia yana chumvi, hayanyweki. Baki hapa unywe maji ya Mara."

"We Nchagwa, maji uliyanywa lini?" mama akamjibu. "Si gongo tu! Toeni begi la mtoto, la sivyo kesho nawapikia uji wa udongo."

Walicheka wote isipokuwa Werema. "Mama Mokami, nina wanaume kumi na wawili hapa, wote wana familia. Nyota ikiondoka, utawalisha wewe?"

Niliwatazama. Hawakuwa watu wabaya. Kila siku waliingia gizani wakining'inia kwenye kamba, na mtu anayeishi hivyo anahitaji kitu cha kushikilia. Mimi nyota siiamini, lakini kama ningewaambia hivyo tu wasingenisikia. Ndipo nilipokumbuka jambo moja la kweli kuhusu siku ile.

"Mzee Werema, siku mwamba ulipoonekana, nilikuja hapa vipi?"

"Kwa miguu," alisema Nchagwa.

"Nilikuwa katika hali gani?"

Walitazamana. Nchagwa akajikuna kichwa. "Ulikuwa unarukaruka. Ulimwaga uji nusu ndoo, ukaniunguza mguu."

"Nilikuwa narukia nini?"

"Si ulisema..." Akashusha mkono. "Ulisema umechaguliwa chuo."

"Habari nilizipata njiani nikija kwenu. Mambo ya nyota siyajui, na sitawadanganya kwamba nayajua. Lakini nyie mnaosema ipo, fikirini vizuri. Kiangazi chote nilikuwa pale nyumbani, na mlitoa mawe matupu. Dhahabu mliiona siku niliyopata chuo. Leo hicho chuo mmekining'iniza shimoni."

Hakuna aliyecheka. Werema aliliangalia begi kama mtu aliyeona nyoka kitandani mwake.

"Vuta," akasema kwa sauti ndogo. Kisha kwa nguvu, "Vuteni, mura, vuteni vijana! Polepole, lisigonge ukuta!"

Begi lilipotoka walilifuta vumbi kwa mashati yao, wakalizidishia vumbi. Werema akamgeukia Muzamil. "Basi la kutoka Sirari limeshapita Tarime?"

"Bado, mzee. Tukikimbia, kwa bahati tutalikuta."

"Bahati gani! Leo hakuna kubahatisha! Leteni pikipiki zote!"

Ndivyo nilivyoondoka Nyamongo. Pikipiki zilinitangulia na nyingine zikanifuata, honi juu ya honi, ng'ombe wakitupisha pembeni, mama amekaa nyuma ya Nchagwa akipunga upawa hewani. Tulipofika stendi basi lilikuwa linatoka getini. Wachimbaji wakajipanga mbele yake, wekundu kwa udongo, mikono imenyooshwa.

"Nyie ni majambazi?" kondakta aliuliza kwa woga.

"Sisi ni wasindikizaji," alisema Werema. "Huyu akichelewa chuo, tumekwisha."

Mama akapiga vigelegele. Abiria wanawake wakampokea kutoka madirishani bila hata kujua sababu, na nilipanda ngazi za basi lile kama bibi harusi.

Jumatatu, Mtwara. Wanafunzi wapya walikuwa wakishuka kwenye bajaji na magodoro yao, na nyuma ya majengo bahari iling'aa kama bati jipya. Nilikuwa nimeshajisajili. Nilipofika kwenye mlango wa ukumbi wa mihadhara, simu ikaita.

"Umeingia darasani?" Alikuwa Werema.

"Niko mlangoni."

"Sisi tumekaa hapa juu, hajashuka mtu. Ingia, nasi tushuke."

"Mzee Werema, msinitegemee mimi kwa..."

"Ingia kwanza. Ushauri baadaye." Akakohoa. "Halafu, binti yangu Agustina nimemrudisha shule leo. Alikuwa anaponda mawe tangu mwezi wa sita. Nyota moja haitoshi. Ikiugua, je?"

Nilisukuma mlango, nikaweka mguu ndani.

"Nimeingia," nilimwambia, na kule Nyamongo wanaume kumi na wawili wakashangilia kwa sauti kubwa hata mhadhiri akageuka kunitazama.